Koplo Ashuke Daraja

Jumapili, 6 Agosti

Wa tano tena. Jana, Daraja B, farasi saba, Koplo wa tano. Jumamosi iliyotangulia wa tano. Ameizoea nafasi hiyo kama watu walivyozoea kiti chao kanisani.

Sikulala. Nimezunguka jikoni mpaka paka akanihama. Naandika hapa ili jambo linitoke kichwani. Koplo ana miaka kumi na minne. Sheria ya mbio za vigari, vile vya magurudumu mawili anavyovuta farasi, inasema farasi akifika kumi na tano basi, hata awe na mbavu za chuma. Farasi wote huongezewa mwaka Januari mosi, na kiwanja chetu cha Mto Finlay kinafunga msimu tarehe 26 mwezi huu. Zimebaki Jumamosi tatu. Tatu! Miaka kumi na mmoja anavuta kigari kwenye kiwanja kile, na hajavishwa blanketi hata mara moja. Blanketi jekundu la siku ya kufunga. Mshindi wa kila daraja huvishwa mbele ya watu wote, anapigwa picha, anarudi nalo nyumbani. Nalitaka la Daraja C.

Tatizo, Koplo yuko B. Madaraja hupangwa na Wendell Stavert, karani wa mbio, miaka thelathini na moja kwenye kibanda cha mbao kando ya lango. Anawatazama farasi kwa macho yake mawili na anaandika kwa penseli. Wenye kasi A, wa wastani B, wazee na wavivu C. Koplo si mvivu. Lakini uzee anao, na Wendell hauoni.

Ardith Cudmore wa ng'ambo ya barabara ana farasi jike, Klementina, miaka kumi tu, na yuko C! Leo baada ya ibada alinishika mkono mbele ya mchungaji, akasema ni heshima kubwa mzee wangu kubakishwa B, yeye hakujaliwa. Macho yake yalikuwa yanacheka. Mwanamke huyu alishinda shindano la jemu kwa jemu ya dukani. Chupa niliiona.

Koplo lazima ashuke daraja. Kesho naanza.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimempelekea Wendell pai ya zabibu. Alikula vipande viwili bila kuuliza sababu. Kipande cha tatu akauliza.

Nikamwambia Koplo amechoka, magoti, pumzi, moyo, kila kitu. Wendell akasema amemwona Ijumaa akimfukuza mbwa wa jirani uwanja mzima. Nikasema ile ilikuwa hasira, si afya. Akafuta mdomo, akafungua daftari lake. Utaratibu wake haubadiliki hata kwa pai: farasi akikosa kuingia wanne wa kwanza mara tatu mfululizo, anashuka. Koplo ana mbili. Imebaki moja, akikosa Jumamosi hii atamshusha mwenyewe kwa mkono wake.

Nimetoka pale naona barabara imenyooka. Wa tano mara moja tu! Farasi ambaye kuwa wa tano ndiyo kazi yake!

Halafu njiani nikaanza kuogopa. Itakuwaje mtu mwingine akianguka, Koplo akawa wa nne?

Jumanne, 8 Agosti

Mkutano katika ukumbi wa kanisa. Meneja mpya wa kiwanja, Julian Prewitt. Mtu wa bara, katoka Toronto, miezi mitatu hapa kisiwani, bado anavaa viatu vyeupe kwenye udongo wetu mwekundu. Aliwasha mashine, picha zikatokea ukutani juu ya picha ya Yesu.

Kasema watu wanaobashiri kwa pesa wako mbali, wanatazama kwenye simu, na mbio yenye farasi chini ya sita hawaigusi. Kasema tume ya mbio imetoa sharti. Siku ya kufunga kila mbio ijae farasi sita au zaidi, la sivyo mwakani hakuna kibali na kiwanja kitauzwa kwa wakulima wa viazi. Daraja lisilojaa kufikia Jumanne saa sita mchana, tarehe 22, linafutwa. Hapo nikakaa wima. C ikifutwa, blanketi langu limekwenda.

Halafu akaleta balaa lake. Anataka madaraja yapangwe na kompyuta. Unaiingizia muda wa mbio tano za mwisho za kila farasi, inatoa namba, namba inatoa daraja. Macho ya mtu mmoja, akasema, yana upendeleo. Watu wote wakamgeukia Wendell, naye akatazama kofia yake.

Nikasimama. Nikasema mimi nimeishia darasa la sita, lakini najua kompyuta haijawahi kunusa farasi. Nikasema tangu amwage lile vumbi la kokoto kwenye kona, ardhi imekuwa ngumu kama sahani, na haro ya kulainisha ardhi inapita mara moja kwa wiki badala ya kila siku, aanzie hapo. Watu wakapiga makofi. Prewitt akatabasamu, akasema bibi yetu ana moyo. Nikamwambia bibi yake yuko Toronto, akamsalimie.

Aliandika kila nilichosema. Huyu anaandika kila kitu na hafanyi chochote.

Alhamisi, 10 Agosti

Mkwe wangu Merrill ndiye anayemwendesha Koplo. Mtu mzuri, mkimya, mgumu kama gogo. Nimemwambia Jumamosi asijitese, aende polepole, afurahie mandhari. Akaniuliza kama namwambia amzuie farasi. Nikasema sijasema kuzuia, nimesema kutoharakisha. Akasema waamuzi hawatenganishi hayo mawili. Akasema watu wameweka pesa zao kwa Koplo, kumzuia ni wizi, na atanyang'anywa leseni, na ni sawa anyang'anywe. Kisha akanywa chai yake yote. Binti yangu aliolewa na mchungaji asiye na kanisa.

Sawa. Nimepata njia ambayo haimgusi mtu. Ndoo ya uji wa pumba wenye molasi. Siku ya mbio farasi halishwi sana, kila mtu anajua. Akishiba hawezi kukimbia. Hakuna aliyezuia. Farasi kala tu. Hata mimi Jumapili nikila sana sikimbii.

Nimemwaga molasi jikoni kwa kuharakisha. Bado nanata.

Jumamosi, 12 Agosti

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama kwenye dirisha.

Asubuhi Koplo alimaliza ndoo nzima ya uji na akalamba ukingo. Nikampa na ya pili, maji mengi. Tumbo kama pipa. Merrill alimtazama mdomoni akaniuliza amekula nini. Nikasema umande.

Gari la kuanzishia mbio, lenye mabawa ya kuwaweka sambamba, likawapeleka mpaka mstari, likaondoka. Na hapo, mbele ya macho yangu, farasi saba hawakutaka kwenda. Nikadhani naona vibaya. Waendeshaji sita wamelala nyuma kwenye vigari vyao kama watu wanaota jua. Farasi wanakwenda mwendo wa kupeleka maziwa. Wawili waliachwa washike shoti kusudi, maana sheria inataka farasi anayeshika shoti avutwe nyuma. Kila mmoja akimpisha mwenzake kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kisiwani humu.

Nikaelewa. Wote! B nzima! Kila mwenye farasi alikuwa amehesabu kama mimi, kila mmoja anatafuta kushuka C kabla ya blanketi, na kila mmoja amejiona mwerevu peke yake. Watu wasio na haya!

Jukwaani watu walianza kucheka. Mzee mmoja akapaza sauti akawauliza kama wanahitaji ramani.

Merrill peke yake hakumzuia farasi, kwa sababu yeye ni yeye. Lakini hata yeye hakumhimiza, hakukuwa na wa kukimbizana naye. Huenda Koplo angebaki wa tano kama si jambo moja, ambalo mimi niliyemlea tangu mtoto nilipaswa kulikumbuka. Koplo hakojoi popote duniani ila ndani ya banda, juu ya majani makavu. Hajawahi. Ndoo mbili za uji. Kwenye kona ya mwisho akaliona banda la kiwanja. Masikio yakalala. Akaondoka kama kachomwa, akaupita mstari peke yake, farasi ishirini wangetosha kwenye nafasi aliyoiacha, na hakusimama kupigwa picha. Alikwenda moja kwa moja bandani na kigari na Merrill juu yake.

Alikojoa kwa muda mrefu kuliko mbio zenyewe.

Maili moja, dakika mbili na sekunde thelathini na tisa. Wakongwe wanasema muda mbovu hivyo hata kwenye theluji haujatokea. Lakini kashinda. Kashinda!

Jumatatu, 14 Agosti

Waamuzi wamewaita watu sita na kuwafungia wote, waendeshaji na farasi, mpaka msimu uishe. Merrill aliulizwa swali moja akapewa mkono. Gazeti limetoa picha yangu nikiwa nimeshika ndoo tupu, na maneno kwamba katika kiwanja kizima kulikuwa na bibi mmoja mwaminifu. Merrill alilisoma mara mbili, akaniangalia, akalikunja.

Mshindi hupanda daraja. Wendell amempandisha Koplo A. Nilikwenda kibandani na pai nyingine, akasema mikono yake imefungwa, na ameshiba. Huko A kuna farasi wa miaka minne kutoka Charlottetown, wenye daktari wao na muziki wao bandani. Koplo wangu atakula vumbi lao.

Ardith alikuja jioni na gazeti mkononi, kama vile sina langu. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema shoga, hongera, umepanda, sasa sisi wa C hatutakuonea tena. Akasema amekwisha kuchagua mahali pa kuliweka blanketi, sebuleni, karibu na piano. Hajui kupiga piano. Nilimpa chai baridi.

Jumatano, 16 Agosti

Nisikilize, daftari. Nimekwenda ofisini kwa Prewitt kulalamika juu ya ile kona ngumu. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imewashwa nikamwambia anionyeshe huo ujinga wake. Akaandika jina la Koplo. Mashine ikafikiri.

C.

Nikamwambia aandike tena. C. Akanieleza kwa upole, kama anamweleza mgonjwa. Mashine haijali nani kashinda, inatazama muda tu, na zile dakika mbili na sekunde thelathini na tisa zimeuvuta wastani wa Koplo chini kabisa.

Nimekitazama kile chombo kwa muda. Kinang'aa. Kisafi. Hakina upendeleo. Nilikuwa nimekisema vibaya bila kukijua.

Prewitt akasema anataka kuitumia siku ya kufunga, baada ya aibu ya Jumamosi, lakini wenye farasi lazima wapige kura kesho na hana watu wa kumuunga mkono. Nikamuuliza anahitaji nini. Akasema anahitaji mtu anayeaminika. Nikanyoosha kola yangu.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimezungumza dakika ishirini. Nikawaambia dunia inakwenda mbele. Nikasema macho huchoka, huzoea, hupenda pai. Mtu akanikumbusha niliyosema Jumanne ya wiki iliyopita kuhusu kunusa. Nikamwambia nimesoma tangu siku hiyo.

Mikono ikahesabiwa. Kumi na mmoja kwa Wendell, kumi na mmoja kwa kompyuta, na mimi sijanyoosha. Nikanyoosha nikiwa natazama dari.

Wendell alikwenda kibandani akachukua penseli zake tatu, kikombe chake na mto wa kukalia. Kuna watu walimsindikiza mpaka kwenye gari. Ardith alimbebea mto. Unafiki mtupu, maana yeye yuko C kwa vyovyote.

Nimerudi nikaoka pai ya zabibu. Sijui ya nani.

Koplo yuko C! Imebandikwa ubaoni, kwa herufi za mashine.

Jumatatu, 21 Agosti

Hakuna mwisho wa mateso. Juzi Jumamosi hatukukimbia, walikuwa wanapanga madaraja upya. C ina farasi watano. Koplo, Klementina, na vikongwe vitatu. Wale sita wa B wamefungiwa, mashine imeijaza B kwa sita kamili kutoka A, kwa hiyo hakuna wa kushushwa tena, na mashine haina namna ya kumwomba mtu. Wendell angepiga simu. Alikuwa anajua nani ana farasi wapi, nani kapona, nani anaweza kubembelezwa. Prewitt kapeleka ujumbe kwenye simu za watu. Hakuna aliyejibu, wako kwenye viazi.

Kesho saa sita mchana. Farasi wa sita asipopatikana, C inafutwa, na kibali cha mwakani kinakwenda nayo. Watu wanalia juu ya kibali. Mimi nalia juu ya Jumamosi, maana mwakani Koplo hana.

Nimeendesha gari siku nzima. Farasi wa mkulima Lloyd kanenepa mpaka mikanda haifungi. Wa yule mama wa kando ya mto anabeba watoto wa kambi ya likizo na amekuwa mpole mno, akiona kigari anapiga magoti. Wa tatu nimembembeleza mwenye farasi robo saa nzima kabla hajaniambia farasi alikufa Machi.

Siwezi kula. Nimefagia banda mara tatu.

Jumanne, 22 Agosti

Nimempata! Saa tano na dakika arobaini!

Nilikuwa napita njia ya ufukweni nimekwisha kata tamaa, nikamwona Wendell ndani ya maji na farasi, anakokota mwani kama babu yake alivyokuwa anakokota. Farasi jike, mwekundu, maji yakimfika kifuani, amesinzia. Nikasimamisha gari katikati ya barabara.

Anaitwa Dora. Miaka sita. Wa ukoo wa mbio, karatasi anazo, lakini hajakimbia mbio hata moja, kwa sababu karani wa mbio haruhusiwi kuingiza farasi wake kwenye kiwanja anachopanga madaraja. Sasa si karani. Nikamwambia unaona, nimekusaidia. Akaendelea kukusanya mwani.

Mimi macho ninayo pia. Niliona farasi wa mizigo, mzito, mwenye usingizi, mwani masikioni. Safi kabisa! Atajaza nafasi, atamaliza wa sita, na atarudi baharini. Wendell alikamua kofia yake, akaniuliza taratibu:

"Elva, una hakika unataka nimlete huyu?"

Nikasema nina hakika. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia apande gari, saa inakwenda. Leseni yake ya kuendesha ameitunza miaka yote, sijui kwa nini. Tumeingia ofisini maji yakimchuruzika. Prewitt angepokea hata ngamia. Akamwandika Dora kwenye mashine. Haina muda wowote wa Dora, ikatoa sifuri. Sifuri ni C.

Farasi sita. Nimekula sahani mbili za viazi.

Jumamosi, 26 Agosti

Watu wengi hivi sijapata kuona tangu lile daraja la zamani la mtoni lilipobomolewa. Mbio zote zimejaa. Watu wa tume walikaa jukwaani na kamba-koche wao kwenye mkate. Hata ile kona imepigwa haro. Nilimsuka Koplo manyoya ya shingo mwenyewe. Hakupewa uji.

Waliondoka vizuri. Koplo wa pili nyuma ya Klementina, mahali pazuri, amejificha upepo. Dora wa mwisho, kama nilivyopanga, Wendell amekaa juu yake na ule mto wake chini. Mzunguko wa kwanza hivyo hivyo. Nikaanza kufikiria blanketi nitaliweka wapi. Mimi sina piano.

Nusu ya pili Merrill akamtoa Koplo pembeni. Mzee wangu! Shingo imenyooka, miguu inakata kama cherehani, hana mtu wa kumkimbiza nyuma wala kibofu cha kumsukuma, anakwenda kwa kutaka mwenyewe. Akamfikia Klementina. Bega kwa bega. Nilikuwa nimemshika Ardith mkono na yeye kanishika, tunapigana mikono bila kujua.

Halafu kitu chekundu kikapita nje yao. Hakikuwa na haraka. Wendell hakuinua hata fimbo, hatamu zimelegea, na Dora anakwenda kama vile maji bado yako kifuani na leo kayaacha. Miaka yote hiyo anavuta mwani baharini, sasa kapewa kigari chepesi kwenye ardhi kavu! Alipovuka mstari Koplo na Klementina walikuwa bado wanagombana huko nyuma. Dakika moja na sekunde hamsini na nane. Farasi wa A walikimbia saa moja baadaye wakashindwa kuufikia muda huo.

Koplo wa pili. Kamshinda Klementina kwa pua. Pua tu, lakini iliandikwa.

Wakamvisha Dora blanketi. Lilimpendeza, jekundu juu ya mwekundu. Prewitt alikimbilia mashine yake, anasema hapana, hapana, haiwezekani. Wendell akamjibu bila kelele, anamkuna Dora nyuma ya sikio:

"Mimi ningekuwa kibandani, ningempanga A. Nimemtazama miaka sita."

Ardith akanigeukia, akauliza ni mwendawazimu gani kamleta farasi yule. Nikasema sijui, watu wa siku hizi. Wakati huo huo kipaza sauti kikatangaza shukrani za kiwanja kwa Bi Elva Younker, ambaye bila yeye farasi wa sita asingepatikana. Watu wakapiga makofi. Ardith hakupiga. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na mimi nikamwacha hapo na nguo yake nzuri.

Tume imetoa kibali. Kila mtu anakumbatiana. Nilimtembeza Koplo mpaka akapoa, nikampitisha nyuma ya jukwaa asione lile blanketi. Najua hajui. Nilimpitisha tu.

Jumapili, 3 Septemba

Jana Jumamosi Koplo alisimama getini tangu asubuhi anangoja gari la kumpeleka kiwanjani. Nikamwambia basi, imekwisha, nenda ule majani. Hakwenda. Nikamwekea kiti changu pale na chai, tukasimama wote mpaka mchana. Yeye kasimama. Mimi nilikaa.

Kwenye kiti hicho ndipo nilipojumlisha yote niliyofanya wiki hii, nikaona yamekaa sawa. Ndiyo maana sijalala tena, lakini safari hii ni kwa furaha.

Kwanza. Nimenunua farasi. Mtamba wa miaka mitatu, upande wa magharibi, kwa mzee aliyevunjika nyonga asiweze kumfundisha. Miguu mirefu, kifua kipana, hajakimbia mbio hata moja, hana muda popote. Nilimpima kwa saa ya jikoni kwenye barabara ya udongo. Hakutoa hata jasho. Merrill aliiangalia saa, akaitikisa, akaniuliza kama ni nzima. Huyu ataingia C mwakani na atawashinda wote kama Dora. Ardith aliuliza nimenunua nini. Nikasema farasi wa kukatia nyasi bustanini.

Pili. Dora. Huyo lazima aondoke kwenye mbio, na njia ni moja tu, Wendell awe karani tena, asiruhusiwe kuingiza farasi. Kwa hiyo nimeandika barua ya kuwaomba tume wamrudishe kibandani na kompyuta iende zake. Nimezunguka nayo nyumba kwa nyumba tangu Jumatatu. Sahihi sitini na mbili! Watu wameniita mwenye haki. Hata Ardith katia sahihi, machozi yakimlenga. Leo Prewitt kapiga simu. Tume imekubali, Wendell anaanza masika, penseli na kila kitu, na madaraja yote atayapanga yeye kwa macho yake kama zamani.

Nimempelekea pai ya kumpongeza. Alikula, akasema amesikia nina mtamba mpya, angependa kuja kumtazama.

Nimemwambia aje wakati wowote. Masikini, baada ya yote niliyomtendea, bado ananipenda. Na mpango umekamilika pande zote mbili, sioni ufa hata mmoja.